Kisu kipi kitadumu Pemba? Chuma kisichoshika kutu, chuma cha kaboni au springi ya gari

Kinang'aa dukani, wiki mbili tu kimesenea. Au kinakata vizuri mno, lakini ukikisahau usiku mmoja kwenye ndoo ya samaki, asubuhi kimekuwa chekundu. Kama unaishi Mtambile au kijiji chochote cha Mkoani, visu vyote viwili unavijua.

Tatizo mara nyingi siyo "feki" wala "orijino". Ni aina ya chuma, na kazi uliyokipa. Hapa tunaeleza tofauti, ili pesa yako ya kisu isiende bure.

Kwa ufupi

• Hakuna chuma kinachoshinda kwa kila kitu. Ukiongeza sifa moja, nyingine hupungua.
• Baharini na kwenye samaki: chuma kisichoshika kutu.
• Shambani na kwenye kuni: panga la chuma cha kaboni, au kisu cha springi.
• Jikoni: chuma cha kawaida kisichoshika kutu kinatosha, mradi una kinoo na unakitumia.

Mambo matatu ya kuangalia

La kwanza ni kutu. Kisu kinastahimili vipi maji, chumvi na ndimu?

La pili ni ustahimilivu. Ukikigonga kwenye mfupa au kifuu cha nazi, kinajikunja, kinamegeka au kinabaki salama?

La tatu ni makali. Yanakaa muda gani, na yakisha kwisha, kunoa kunachukua dakika tano au mchana mzima?

Watu wengi huchanganya ugumu na ustahimilivu. Sahani ya kauri ni ngumu, huwezi kuikwaruza kwa ukucha, lakini ikianguka ndiyo basi. Chuma nacho ni hivyo hivyo. Kikiwa kigumu sana, makali hukaa muda mrefu lakini huingia mapengo kirahisi. Kikiwa laini, hakivunjiki, ila utakuwa unanoa kila siku.

Mafundi wa viwandani hupima ugumu kwa kipimo cha Rockwell. Kisu cha bei nafuu cha jikoni huwa karibu 52 hadi 54. Kisu kizuri cha jikoni cha Ulaya hufika kama 56. Visu vya kaboni vilivyotengenezwa kwa uangalifu, na vile vya chuma ghali, hufika 60 na kupita. Tupa mpya huwa juu ya 60, ndiyo maana inaweza kula panga lako bila shida.

Kwa nini Pemba kisu kinapata tabu zaidi

Kutu ni chuma kukutana na maji na hewa ya oksijeni. Hilo hutokea popote, hata Dodoma. Lakini chumvi huharakisha kazi. Maji ya bahari yana chumvi ya karibu asilimia 3.5, na upepo wa pwani hubeba chumvi hiyo mpaka majumbani. Ongeza unyevu wa masika, na kisu kilichoachwa wazi jikoni kinaanza kubadilika rangi bila hata kutumika.

Kwa anayefanya kazi ya samaki Wambaa, Kangani au Kisiwa Panza, hali ni ngumu zaidi. Kisu chake kinashinda kwenye maji chumvi, kinapata damu na magamba, halafu kinarushwa ndani ya ndoo.

Jikoni nako kuna maadui. Ndimu, ukwaju na embe mbichi zina asidi. Ukikata embe mbichi kwa kisu cha kaboni, kitapata weusi papo hapo, na embe yenyewe huweza kupata ladha ya chuma.

Siri ya kromiamu

Chuma cha pua ni chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo. Kaboni ndiyo inayokipa uwezo wa kuwa kigumu. Ili kisishike kutu, huongezwa madini ya kromiamu.

Kikiwa na kromiamu ya kuanzia karibu asilimia 10.5, uso wa chuma hujifunika ngozi nyembamba mno, isiyoonekana kwa macho. Ngozi hiyo huzuia hewa na maji kufika ndani. Ukiikwaruza, inajirudisha yenyewe.

Anayetajwa zaidi kwenye historia hii ni Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza. Mwaka 1913 alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki isiyolika haraka. Chuma alichopata hakikupata kutu kirahisi, na Sheffield, ambao ni mji wa visu, ukakichukua kwa ajili ya vyombo vya mezani.

Lakini jina "kisichoshika kutu" lisikudanganye. Chumvi inaweza kutoboa ile ngozi sehemu moja moja, na hapo vinatokea vitobo vidogo vyeusi. Mahali pabaya zaidi ni pale kengee inapoingia kwenye mpini. Maji chumvi yakikaa hapo, msuka unaoza kwa ndani huku nje kisu kinameremeta. Siku moja kinakatikia mkononi.

Jiki pia ni adui. Klorini iliyomo hula ile ngozi, kwa hiyo usiloweke visu kwenye maji ya jiki usiku kucha.

Siyo kila chuma kinachong'aa ni sawa

Ukitazama ubapa wa kisu, wakati mwingine utaona namba au herufi. Hizi ndizo za kuzijua:

*420.* Ni chuma cha visu vingi vya bei nafuu. Kina kromiamu karibu asilimia 13 na kaboni kidogo. Kwa kutu ni kizuri sana, hakimegeki ovyo, na kunoa ni rahisi. Ubaya wake, makali hayakai.

*X50CrMoV15.* Utaikuta kwenye visu vingi vya jikoni vya Kijerumani. Namba inajieleza: kaboni karibu asilimia 0.5, kromiamu karibu asilimia 15. Ni chuma cha katikati. Makali yanakaa kiasi, kutu kinaihimili, na kinoo cha kawaida kinakinoa.

*440C.* Kaboni imepanda mpaka karibu asilimia 1 na kromiamu karibu 17. Makali yanadumu zaidi. Lakini ukikipigia mfupa kinaweza kumegeka, na kunoa kunataka subira.

*D2.* Hiki kinawapotosha wengi. Kina kromiamu karibu asilimia 12, unaweza kudhani hakishiki kutu. Kinashika. Sababu ni kwamba kaboni yake ni nyingi, karibu asilimia 1.5, na kaboni hiyo huikamata kromiamu na kufanya nayo chembe ngumu. Kromiamu inayobaki kulinda uso inakuwa pungufu. Kukata kinakata, lakini kwa maji ya bahari siyo chako.

*LC200N.* Hapa wataalamu waliondoa sehemu ya kaboni wakaweka naitrojeni. Matokeo ni chuma kigumu ambacho maji chumvi hayakiwezi kirahisi. Visu vya wapiga mbizi hutengenezwa kwa chuma cha aina hii. Ni ghali, na si cha kumenyea muhogo.

Kuna pia vyuma vya kisasa kama S30V, chenye vanadi ya karibu asilimia 4. Makali yake yanakaa mno. Lakini chembe za vanadi ni ngumu kuliko mawe mengi ya kunolea, kwa hiyo bila jiwe la almasi utahangaika. Ndugu akikuletea kisu cha namna hiyo kutoka Muscat au London, muulize na jiwe lake.

Panga na kisu cha mfua chuma

Sasa tuje kwenye chuma cha kaboni, kile cheusi.

Panga la dukani kwa kawaida ni chuma cha kaboni tupu, bila kromiamu ya maana. Halifanywi gumu sana, makusudi. Panga linapiga mti, linakutana na jiwe, linafua nazi. Likiwa gumu kama kisu cha jikoni litamegeka. Likiwa na ulaini wake, litajikunja kidogo, utachukua tupa, dakika chache umemaliza.

Halafu kuna kisu cha springi. Zile bamba ndefu za chini ya lori au gari ya abiria zikichakaa, mfua chuma huzikata, huzitia motoni na kuzigonga kwenye fuawe mpaka zikawa visu, mundu na mashoka. Siyo ubahili huo, ni akili. Springi imetengenezwa kujikunja na kurudi mara maelfu bila kuvunjika. Nyingi zina kaboni ya karibu asilimia 0.5 hadi 0.6, pamoja na silikoni, manganizi au kromiamu kidogo. Kromiamu hiyo haifiki hata asilimia 1 kwa kawaida, kwa hiyo kutu haizuii. Ila kwa ustahimilivu, visu vingi vya dukani havioni ndani.

Ubora wake unategemea mkono wa fundi, hasa kwenye kutia matiko. Chuma kinapashwa mpaka kiwe chekundu cha kuiva, halafu kinachovywa ghafla. Hapo kinakuwa kigumu, lakini kinavunjika kama kigae. Kwa hiyo lazima kipashwe tena kwa moto mdogo, karibu nyuzi joto 200 au zaidi kidogo, mpaka uso uliosuguliwa upate rangi ya manjano ya majani makavu. Hatua hii ya pili ndiyo inayorudisha ustahimilivu.

Kwa chuma cha springi, kuchovya kwenye mafuta kwa kawaida ni salama kuliko maji. Maji hupoza haraka mno, na kisu kinaweza kupata ufa.

Visu vinavyotengenezwa kwa tupa kuukuu ni hadithi nyingine. Tupa ina kaboni nyingi, karibu asilimia 1 au zaidi. Makali yake ni moto. Lakini fundi akiruka ile hatua ya pili, kisu kikianguka sakafuni kinaweza kukatika vipande viwili.

Na ufundi wa chuma si mgeni Tanzania. Mwaka 1978, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika kwenye jarida la Science kwamba wakazi wa kale wa Buhaya, Kagera, walikuwa wakitengeneza chuma cha kaboni miaka ipatayo 1,500 hadi 2,000 iliyopita, kwa tanuri zilizopuliziwa hewa iliyokwisha kupashwa moto.

Kisu kipi kwa kazi gani?

*Kuparua samaki na kukata pweza:* chuma laini kisichoshika kutu, mfano 420 au X50CrMoV15. Ndiyo, utanoa mara kwa mara. Lakini utanoa makali, hutanoa kutu.

*Kumenya muhogo, kukata tungule na vitunguu:* cha jikoni cha kawaida. Kama una kisu cha kaboni na unapenda makali yake, kifute kila ukimaliza.

*Kupasua nazi, kukata kuni, kusafisha shamba la mikarafuu:* panga la kaboni au kisu cha springi. Usipigie nazi kwa kisu chembamba cha jikoni.

*Fenesi:* aina yoyote, ila kipake mafuta kwanza. Utomvu ukiganda kwenye kisu kikavu utajuta.

*Kukatia kamba chomboni au kwenye mwani:* kisichoshika kutu, chenye meno ikiwezekana. Meno hukata kamba hata makali yakipungua.

*Kuchinja:* hapa jambo la kwanza ni makali yasiyo na mapengo. Mafundisho ya Kiislamu yanamtaka mchinjaji anoe kisu chake na asimtese mnyama, na inapendekezwa asinoe mbele yake. Kisu kirefu cha chuma chochote kizuri kinafaa. Pitisha jicho kwenye makali mbele ya mwanga: sehemu yoyote inayometa kama nukta ni pengo au ubutu. Kinoe siku moja kabla ya Sikukuu, siyo asubuhi ya msongamano.

Kunoa: hapa ndipo visu vingi vinapouliwa

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, wazee walishasema. Lakini kukipata kikali kuna namna yake.

Kwanza, pembe. Kisu cha jikoni kinataka nyuzi 15 hadi 20 kila upande. Kupima bila chombo ni rahisi: kama kengee ina upana wa sentimita 4, nyanyua mgongo wa kisu kama sentimita 1 juu ya kinoo. Hiyo ni karibu nyuzi 15. Panga linataka pembe nene zaidi, nyuzi 25 hadi 30, ili makali yasijikunje kwenye mti.

Pili, subiri dalili. Noa upande mmoja mpaka uhisi, kwa kupitisha kidole taratibu kutoka mgongoni kwenda nje, ukingo mwembamba wa chuma umejikunja upande wa pili. Ukiuhisi kutoka mwanzo mpaka ncha, geuza. Watu wengi huacha kabla ya hapo, ndiyo maana kisu kinanolewa kila siku na hakikati.

Tatu, maliza. Uondoe ule ukingo kwa kupitisha kisu kidogo kidogo, kwa wepesi, kila upande mara chache. Huna jiwe laini? Geuza kikombe au sahani ya kauri. Ule mzingo wa chini usiopakwa rangi unafanya kazi nzuri. Kisha kipitishe kwenye mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia.

Na grenda? Tahadhari. Mashine inapasha makali joto kwa sekunde chache. Kwenye chuma cha kaboni, ukiona makali yamegeuka buluu, joto limekaribia nyuzi 300 na matiko ya sehemu hiyo yamekwisha. Kisu kitaonekana kikali siku ile, kesho kimesenea. Mwambie fundi apitishe kidogo na achovye kwenye maji kila mara, au mwache atumie tupa na jiwe.

Kisu kisichokata si salama, hata kama kinaonekana hakina madhara. Unakibonyeza kwa nguvu, kinateleza, na kinachokutana nacho ni kidole.

Vipi kuhusu kutu na pepopunda?

Wengi wanaamini kutu yenyewe ndiyo inaleta pepopunda. Siyo. Ugonjwa huo huletwa na bakteria wanaoishi kwenye udongo, vumbi na kinyesi cha wanyama. Kisu kinachong'aa kilicholala shambani kinaweza kuwabeba vilevile.

Ukijikata, osha kidonda kwa maji safi yanayotiririka na sabuni. Kama ni kirefu, kina uchafu, au hukumbuki lini ulichanjwa, nenda kituo cha afya uulizie chanjo ya pepopunda. Usisubiri dalili.

Ukifika dukani, fanya hivi

1. *Usitegemee sumaku.* Wengi husema chuma kisichoshika kutu hakinaswi na sumaku. Hiyo ni kweli kwa vijiko na sufuria nyingi, siyo visu. Chuma cha visu visivyoshika kutu kwa kawaida kinanaswa. Kisu kisichonaswa kabisa mara nyingi ni laini mno kushika makali.

2. *Tazama mpini.* Penye mwanya kati ya kengee na mpini, maji chumvi yataingia. Chagua kilichoziba vizuri.

3. *Tazama kwa urefu.* Kishike kama unayelenga shabaha. Kengee iliyopinda itakusumbua kwenye kinoo.

4. *Kwa kisu cha mfua chuma, omba apitishe tupa kidogo kwenye makali.* Tupa ikiteleza kabisa kama juu ya kioo, chuma ni kigumu mno na huenda kikavunjika. Ikila kama inakula msumari, hakijatiwa matiko. Unataka ile ya katikati: inashika kwa shida.

5. *Jiulize utanoa kwa nini.* Kama nyumbani kuna kinoo kimoja tu cha kawaida, usinunue chuma kinachotaka almasi.

Na kikishafika nyumbani

Kioshe kwa maji yasiyo ya chumvi kila baada ya kazi, kifute mpaka kikauke, usikilaze ndani ya ndoo. Cha kaboni kipake tone la mafuta ya nazi. Kutu ya juu juu ikitokea, isugue kwa makumbi na majivu, suuza, kausha, paka mafuta. Kikishageuka rangi ya kijivu cheusi iliyotulia, usiogope. Hiyo siyo kutu nyekundu inayokula chuma, na husaidia kidogo kukilinda.

Kama pesa yako inatosha kisu kimoja tu na unaishi karibu na maji, chukua cha chuma laini kisichoshika kutu, na kinachobaki nunua kinoo. Kisu cha kawaida chenye kinoo kitakufaa zaidi ya kisu ghali kilichosenea.